Mkono wa kushoto wa njiti: uchambuzi wa kisa

Binti wa miezi 8 aliletwa kliniki ya mazoezi ya viungo, katika hospitali moja ya mkoa nchini Tanzania, kwa sababu moja: hakai. Mama yake alilisema hilo hata kabla ya kutoa kadi kwenye mkoba. Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi uleule alikuwa anakaa chini mwenyewe na kuvuta kila kilicho karibu, lakini huyu akikalishwa anapinda mgongo na kuangukia ubavu. Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwapo pia, na hakuja kusindikiza tu. Alikuja na msimamo wake.

Kisa hiki nimekiunga kutokana na watoto kadhaa waliopita kliniki na shida zinazofanana, ili asitambulike yeyote. Nimekichagua kwa sababu kina makosa mawili yanayotazamana. La mtaani ni kumpima njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa tarehe aliyozaliwa. La sisi wahudumu ni kumpima kwa umri uliorekebishwa, yaani uliotolewa zile wiki alizowahi kuzaliwa, kuridhika, na kufunga faili.

Alivyozaliwa

Mimba ilikuwa na wiki 30. Presha ya mama ilipanda, mkojo ukakutwa na protini, kichwa kikamuuma mpaka macho yakaanza kuona ukungu, na madaktari wakaamua kumpasua kabla hajafikia kifafa cha mimba. Alichomwa sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, lakini mbili tu. Dozi kamili ni sindano 4 zinazopishana saa 12, na hali yake haikuruhusu kungoja zote. Mtoto alitoka na gramu 1,350. Alilia kidogo akachoka, akasaidiwa kwa hewa ya msukumo puani kwa siku kadhaa, na kama njiti wengi wa umri huo akawa anasahau kupumua mara kwa mara mpaka alipopewa dawa.

Kwenye karatasi ya kumruhusu kuna mstari mmoja ambao kila aliyeishika aliuruka: siku ya 3 mtoto alipauka ghafla, akaongezewa damu. Hakuna maelezo mengine, wala hakuna utrasaundi ya kichwa iliyofanyika. Mstari huo tutaurudia.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Mama alimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, akipokezana na mdogo wake. Malezi haya ya kangaroo yalianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, chini ya Dk. Edgar Rey Sanabria, wakati wodi imefurika na mashine za kutunzia joto hazitoshi. Leo Shirika la Afya Duniani linataka yaanze mara tu mtoto anapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, na utafiti mkubwa uliosukuma mwongozo huo ulifanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwemo. Binti alitoka wodini akiwa na wiki 6, gramu 1,900, ananyonya mwenyewe.

Hesabu ambayo mama hakuwahi kufanyiwa

Mimba iliyotimia huhesabiwa wiki 40. Binti alitangulia kwa wiki 10. Siku alipoletwa alikuwa na wiki 35 tangu azaliwe. Ukitoa 10 zinabaki 25, yaani hajafika miezi 6. Huo ndio umri wa kumpimia hatua zake za ukuaji, na tunaendelea kuutumia mpaka afikishe miaka 2. Chanjo hazimo kwenye hesabu hii. Njiti huchanjwa kwa tarehe ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kama wenzake, na akina mama wanaoambiwa wangoje mtoto anenepe kwanza wanaambiwa vibaya.

Sasa turudi kwenye kukaa. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Waliopimwa walitoka Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, kwa hiyo anayesema hivi ni vipimo vya Wazungu hajavisoma. Lakini wote walizaliwa mimba ikiwa imetimia. Njiti hakuwemo hata mmoja. Anayechukua vipimo hivyo na kumsomea njiti kwa tarehe ya kuzaliwa anamlinganisha na watoto waliomaliza miezi yao tumboni, halafu anamlaumu kwa wiki ambazo hakuzipata.

Binti wa wiki 25 asiyekaa, basi, hajachelewa. Yule wa jirani yuko kwenye nafasi yake, na huyu yuko kwenye yake.

Mama alikuwa amepewa maelezo mengine kabisa. Mtaani ilishasemwa kwamba mtoto amebemendwa: wazazi wamevunja mwiko wa kulea, ama wamerudiana mapema ama mmoja ametoka nje, na mtoto ndiye analipa. Lawama hiyo kwa kawaida hutua kwa mama. Huyu alikuwa amekaa wodini wiki 6 na mtoto kifuani, lakini hakuna aliyejali kuuliza ni lini hasa angepata nafasi ya kumbemenda. Bibi, kwa haki yake, hakuwa kwenye maneno hayo. Dawa yake ilikuwa shimo: achimbiwe mchangani, afukiwe mpaka kiunoni, mgongo uzoee kusimama.

Kilichoonekana mkekani

Kliniki moja kabla yetu ilishamwona. Kwenye kadi kuna maneno machache yanayosema kwamba ni njiti na atakuwa sawa. Kwa swali aliloleta mama, jibu hilo ni sahihi, na mtu angeweza kulirudia, akamtuliza mama na kumwita anayefuata. Ndiyo maana napenda mtoto awekwe kwanza mkekani, aachwe acheze, kabla ya yeyote kutamka chochote kuhusu wiki.

Mengi yalikuwa mazuri. Alivyovutwa kwa mikono kutoka kulala, kichwa kilifuata bila kubaki nyuma. Alimtazama mtu usoni, akacheka kwa sauti, akageukia upande mama alipoita. Kipimo tulichotumia kilitengenezwa Malawi na kuchapishwa mwaka 2010, kina vipengele 136, na uzuri wake ni kwamba kilibuniwa kwa watoto wa kwetu. Hakimuulizi mtoto wa kijijini juu ya vitu ambavyo hajawahi kuviona. Kwa umri uliorekebishwa alipita karibu kila alichotakiwa kupita.

Kisha tukampa kikombe chekundu cha plastiki. Kikitokea kulia, alikidaka kwa mkono wa kulia. Kikiwa katikati, wa kulia tena. Tulipokipeleka kushoto kabisa, karibu na vidole vya mkono wake wa kushoto, mkono wa kulia ulivuka kifua, mwili wote ukajipinda, akakipata hivyohivyo. Wa kushoto ulibaki ngumi, dole gumba limefichwa ndani. Alipolazwa kifudifudi alijiinua kwa kiwiko cha kulia peke yake. Na alipokalishwa aliangukia kushoto, akainuliwa, akaangukia kushoto tena. Tulipomuuliza mama ni ubavu gani anauangukia nyumbani, alifikiri kidogo, kisha akasema ni huohuo.

Kuhusu mkono walikuwa wameuona zamani, na ulikuwa umewapendeza. "Huyu ni wa kulia kama baba yake," mama alisema. Bibi akaongeza, "Afadhali. Hatutapata shida ya kumfundisha."

Hapa ndipo dalili hii inapojificha vizuri kuliko zote. Katika nyumba ambamo mtoto anayepokea kitu kwa kushoto hukatazwa hata kabla hajajua kusema, anayetumia wa kulia tu tangu mapema huonekana amezaliwa na adabu. Nani atamleta hospitali mtoto kwa sababu ana adabu? Lakini mtoto mchanga hachagui mkono. Katika mwaka wa kwanza hutumia yote miwili kwa kubadilishana, na ulio karibu na kitu ndio unaokwenda. Anayeonyesha mkono anaoupenda kabla ya kutimiza mwaka anatuambia juu ya ule mwingine. Ngumi nayo ina wakati wake: mtoto aliyezaliwa juzi hukunja vidole, ila kufikia miezi 4 iliyorekebishwa viganja huwa vimefunguka kwa muda mwingi. Huyu alikuwa na karibu miezi 6, na kiganja kimoja tu ndicho kilichofunguka.

Kurekebisha umri kunaeleza kwa nini mwili mzima uko nyuma. Hakuelezi kwa nini upande mmoja uko nyuma ya mwingine. Mimba haikuwa ya wiki 40 kulia na wiki 30 kushoto.

Sababu ilikuwa wapi

Jambo la kwanza la kuondoa lilikuwa jeraha la mishipa ya fahamu ya bega, lile linalotokea mtoto akivutwa kwa nguvu wakati wa kuzaliwa. Halikulingana. Mtoto mwenye gramu 1,350 aliyetolewa kwa upasuaji hakwami mabega, na mkono wa jeraha hilo huwa umelegea tangu siku ya kwanza. Huu ulikuwa mgumu. Kiwiko kikinyooshwa taratibu kilikubali, kikinyooshwa haraka kiligoma. Tukashuka mguuni: kifundo cha kushoto nacho kilikaza kidogo kuliko cha kulia, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama kwa kuwa wote tulikuwa tunatazama mkono. Mkono na mguu wa upande mmoja pamoja havitokani na bega. Vinatokana na ubongo, upande wa pili.

Ndipo ule mstari wa siku ya 3 ulipopata maana. Katika ubongo wa njiti, kando ya vyumba vya maji, kuna tabaka laini lenye vijishipa vya damu vyembamba mno, ambalo hutoweka mimba inapokaribia kutimia. Presha ya damu ikiyumba, vijishipa hivyo hupasuka, na mara nyingi hutokea ndani ya siku 3 za mwanzo. Damu ikiwa kidogo, mtoto huweza kupita bila alama. Ikiwa nyingi, huziba mshipa unaoondoa damu sehemu ya jirani, na nyuzi za fahamu zinazopita hapo kwenda mkononi na mguuni hufa, mara nyingi upande mmoja tu. Mtoto wa namna hiyo hupauka ghafla. Huyu alipauka.

Utosi kwa kawaida hufunga kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu, kwa hiyo wake ulikuwa bado wazi na utrasaundi ya kichwa ilifanyika akiwa amepakatwa na mama. Chumba cha maji cha kulia kilionekana kimepanuka kuliko cha kushoto, na kando yake palikuwa na tundu dogo. MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ingeonyesha zaidi, lakini ilimaanisha safari, gharama na mtoto kulazwa usingizi kwa dawa, na majibu yake yasingebadilisha chochote tulichotaka kufanya wiki ile. Tuliiahirisha, na bado naona tulifanya sawa.

Kuna wenzangu ambao wangesema tungoje afikishe miaka 2 ndipo tutamke mtindio wa ubongo. Zamani ndivyo tulivyofundishwa. Tangu mapitio ya kimataifa ya mwaka 2017, mtoto aliye hatarini anaweza kutambuliwa hata kabla ya miezi 5 iliyorekebishwa, kwa MRI, kwa kuangalia miondoko yake ya asili akiwa amelala chali, na kwa uchunguzi wa mishipa ya fahamu wa Hammersmith. Huu wa mwisho hauhitaji umeme wala mashine: vipengele 26, alama 78, mikono ya mchunguzi na muda wa kutosha. Kila wiki ya kungoja ni wiki ambayo ubongo unajifunza kuishi bila mkono wa kushoto, na ubongo wa umri huo unajifunza haraka, hata mambo mabaya.

Kumwambia mama kulichukua muda mrefu kuliko uchunguzi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Atakuwa na akili?" Tulimjibu tunachokijua: kovu lililoonekana liko kwenye njia ya mkono na mguu; mtoto anacheka, anafuata kwa macho, anamjua mama yake; watoto wengi sana wenye mtindio wa upande mmoja hutembea; na masuala ya kujifunza hatuwezi kuyasema leo, tutayafuata kadiri anavyokua. Bibi alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni ile siku aliyowekewa damu?"

"Ndiyo, bibi. Ni ile siku."

Habari ya kubemendwa haikusikika tena, angalau si mbele yetu.

Macho na masikio niyapitie upesi, ingawa hayastahili upesi. Njiti wa umri huu alipaswa kuangaliwa pazia la ndani la jicho akiwa na wiki 4 hivi, maana mishipa yake ikikua ovyo tiba huwa na siku chache tu za kufanya kazi. Hakuangaliwa. Bahati ilimwangukia: daktari wa macho alikuta pazia zima, akaona kengeza dogo tu la kufuatilia. Kusikia kulikuwa kuzuri, na kulihitaji kupimwa kwa sababu wodini alipewa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria inayoweza kudhuru masikio.

Kazi ya nyumbani

Shimo la mchanga tulilizungumza na bibi kwa heshima, kwa kuwa nia yake ilikuwa ileile ya kwetu. Mtoto hujifunza kukaa kwa kuyumba, kukaribia kuanguka na kujirudisha. Akifukiwa kiunoni, mchanga ndio unaomkalisha, misuli ya kiuno imelala. Tena huyu angeegemea ukuta wa shimo upande wa kushoto na hakuna ambaye angegundua. Badala yake bibi alipewa miguu yake mwenyewe. Akae mkekani aitanue, mtoto akae katikati akitazama mbele, naye amshike nyongani tu. Kila anapotulia, bibi apunguze kumshika.

Mafuta ya nazi na kukanda vilibaki, ila bila kuvikunjua vidole kwa nguvu. Kinachofaa ni kukunja kiganja kidogo kwa ndani na kusugua mgongo wa mkono kutoka upande wa kidole cha mwisho. Vidole hulegea vyenyewe, na hapo ndipo unaposafisha kiganja ambacho mama alikuwa akilalamika kwamba kinanuka. Vitu vyote vya kuchezea vilihamia kushoto: kijiko cha mbao, kifuu, chupa yenye punje za mahindi ndani. Kila siku, mtoto akiwa ameshiba na mchangamfu, mkono wa kulia ulivishwa soksi kwa muda mfupi ili wa kushoto ulazimike kutafuta. Zoezi hili lilifanywa chini ya maelekezo na kukoma akianza kukasirika, kwani mtoto aliyekasirishwa na mkono wake hataupenda. Baada ya hapo alipewa vitu vya mikono miwili, bakuli au mpira mkubwa. Akibebwa mgongoni kwa kanga, mkono wa kushoto uwe nje, usifungiwe ndani.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kumwomba bibi asiukemee mkono wa kushoto unapopokea kitu. Alikubali kwa sharti kwamba adabu itafundishwa baadaye. Tukasema sawa.

Ilivyoendelea

Alikaa mwenyewe akiwa na miezi 8 iliyorekebishwa. Kutambaa kwa mikono na magoti hakutambaa kabisa, akawa anajisogeza kwa makalio huku mkono wa kulia ukivuta sakafu. Peke yake hilo si dalili, kwani hata kati ya watoto wenye afya wa vipimo vya 2006, asilimia 4.3 hawakutambaa hivyo. Kwa huyu sababu tuliijua. Mjomba alinunua kigari cha kutembelea, kile cha magurudumu, ambacho hakimharakishi mtoto kutembea na humfikisha penye jiko na ngazi kabla hajajua hatari. Kanada imepiga marufuku kuviuza tangu 2004. Nyumbani kwao sasa kinawekewa nguo za kufua.

Hatua za kwanza alizipiga akiwa na miezi 17 iliyorekebishwa. Kikomo cha juu katika vipimo ni 17.6, kwa tarehe ya kuzaliwa alikuwa amepita miezi 19, na majirani walishakata tamaa. Kisigino cha kushoto hakikugusa chini vizuri, akatengenezewa splinti ya kuvaa mguuni. Mkono wa kushoto umekuwa msaidizi: unashikilia bakuli wakati wa kulia unachota, na hilo ndilo lengo tuliloliweka tangu mwanzo. Maneno yake ya kwanza yalikuwa mama, maji na toka.

Akitimiza miaka 2 iliyorekebishwa tutaacha kutoa zile wiki. Ufuatiliaji hauishii hapo, kwa sababu umakini, hesabu na kuandika hujipima vyenyewe shuleni, na mwalimu wa darasa la awali anatakiwa ajue habari za mkono kabla hajauona. Kengeza lipimwe tena kabla ya wakati huo.

Kwenye ziara ya karibuni mama aliuliza kama anaweza kubeba mimba nyingine. Hilo si la kliniki ya mazoezi, lakini aliliuliza hapo, akajibiwa hapo: presha iliyomtoa binti tumboni huweza kurudi, hivyo akishika mimba aanze kliniki ya wajawazito mapema, aseme alijifungua wiki ya 30 na kwa nini, na aulize kuhusu asipirini ya miligramu 75, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa walio katika hatari kubwa ianze kabla ya wiki 20, ikiwezekana tangu wiki ya 12. Tuliyaandika hayo nyuma ya kadi ya mtoto, maana ndiyo karatasi pekee ambayo mama huyu haipotezi.